Mikoko: Msitu Unaosimama Majini, na Kwa Nini Sisi wa Bara Tunausoma



Ndugu msomaji, katika madaftari ya insha ninayosahihisha hapa Ziba hakuna msemo unaorudiwa kama huu: hapo ndipo mkoko ulipoalika maua. Mwizi akizingirwa na wanakijiji, mkoko unaalika maua. Ng'ombe wakiingia jaruba la mpunga la jirani, mkoko unaalika maua. Siku moja niliuliza darasa zima, "Nani kati yenu amewahi kuuona mkoko?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Kijana mmoja alijibu kwa adabu, "Mwalimu, mkoko ni mti wa kwenye insha."

Tulicheka, lakini jibu lile sikulisahau. Tulikuwa tunalitumia jina la mti tusioujua. Hata neno kualika, wengi walidhani ni kule kukaribisha wageni harusini. Kumbe hapa maana yake ni kupasuka, kama vidole vinavyoalika ukivikunja. Ndipo kijana mwingine, aliyeketi nyuma kabisa, akauliza swali zito zaidi: "Mwalimu, bahari iko mbali, na mito yetu haifiki huko. Mikoko inatuhusu nini?"

Somo hili ni jibu lake. Tutaanza na mti wenyewe na jinsi unavyoishi. Kisha tutaona unamlisha nani, nani anautegemea na nani anauharibu. Mwisho tutarudi nyumbani, Igunga.

1. Mikoko ni miti gani?

Neno mikoko halitaji aina moja tu ya mti. Ni jina la pamoja la miti na vichaka vinavyoota pale bahari inapokutana na nchi kavu, katika tope ambalo maji ya chumvi hulifunika na kuliacha kila siku. Miti hiyo haitoki katika ukoo mmoja wa mimea. Kinachoiunganisha ni mahali inapoishi na shida inazozivumilia. Pwani ya Tanzania ina aina zipatazo kumi, na zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Mkoko wenyewe, ambao pengine huitwa mkaka, kwa jina la kisayansi Rhizophora mucronata. Mizizi yake hutoka juu kwenye shina na kujipinda hadi topeni kama miguu ya buibui.
- Mchu, Avicennia marina. Mizizi yake hutoa vijiti vingi vinavyochomoza kutoka ardhini kama penseli zilizochomekwa.
- Mkandaa, Ceriops tagal. Ni mwembamba na mnyoofu, hupendwa kwa nguzo, na gome lake hutumika kutia rangi na kutengeneza ngozi.
- Muia, Bruguiera gymnorhiza, wenye mizizi iliyokunjwa kama magoti.
- Mlilana, Sonneratia alba, unaosimama mbele kabisa kuikabili bahari.
- Mkomafi, Xylocarpus granatum, wenye matunda makubwa ya mviringo na mbao nzuri.
- Msikundazi, Heritiera littoralis, unaopenda sehemu za ndani zenye chumvi kidogo.

Majina haya hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo usishangae ukikutana na mvuvi wa Kilwa au wa Pemba akakusahihisha.

Mikoko haioti popote duniani. Hupatikana katika nchi za joto na zilizo karibu nazo, na yote kwa jumla inafunika karibu kilomita za mraba 150,000, yaani chini ya moja ya sita ya eneo la Tanzania. Kwa Tanzania Bara, upimaji uliofanyika kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kama hekta 115,000, kuanzia Tanga hadi Mtwara. Karibu nusu yake, kama hekta 53,000, iko katika delta ya Mto Rufiji. Huo ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyo pamoja katika Afrika Mashariki. Unguja na Pemba nazo zina mikoko yake, na Pemba ina sehemu kubwa zaidi.

2. Shida tatu na majibu yake

Mti unaotaka kuishi katika tope la bahari hukutana na shida tatu.

Shida ya kwanza ni chumvi. Ukiumwagilia muhindi wa hapa Ziba kwa maji ya bahari, utanyauka ingawa umesimama kwenye maji. Chumvi iliyo nje ya mzizi huzuia maji kuingia, na hata huyavuta yaliyomo. Mkoko umeshinda shida hiyo kwa kuichuja chumvi mizizini, hivyo maji yanayopanda kwenye shina huwa karibu matamu. Mchu hufuata njia nyingine: huiruhusu chumvi iingie, kisha huitoa kupitia tezi ndogo zilizo kwenye majani. Lamba jani la mchu siku ya jua kali, nawe utaonja chumvi.

Shida ya pili ni hewa. Mizizi ya mti hupumua, nayo inahitaji oksijeni. Tope la pwani halina oksijeni ila katika tabaka jembamba la juu. Chini yake ni jeusi na linanuka kama yai viza. Ndiyo maana mkoko huinua mizizi yake juu, na mchu hutoa vile vijiti. Mizizi hiyo ina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Maji yakipwa, hewa huingia. Yakijaa, mti hutumia akiba. Hapa pana jambo la kukumbuka: ukimwaga kifusi au mafuta yaliyochafuka juu ya vijiti vya mchu, mti hufa. Majani yake hunyauka kama ya mti wenye kiu, kumbe umekosa pumzi.

Shida ya tatu ni uzao. Mbegu ya kawaida ikianguka kwenye tope linalofunikwa na maji kila siku, huoza au huchukuliwa na mawimbi. Mbegu ya mkoko haidondoki ikiwa mbegu. Huchipua ikiwa bado imeshikamana na mti mama, ikarefuka kuelekea chini kama rula ya kijani, na huachia tawi ikiwa tayari ni mche. Maji yakiwa yamepwa, unaweza kuchomeka topeni papo hapo. Yakiwa yamejaa, huelea, na unaweza kukaa baharini kwa majuma kadhaa kabla ya kutia mizizi mahali pengine. Ndugu waseminari, mnaujua utaratibu huo wa kutoachiwa mpaka mmekomaa.

3. Kila mti na mstari wake

Watu wa pwani hawayapimi maji kwa saa tu, bali pia kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; huitwa maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Mti ulio mbele hufunikwa kila siku. Ulio nyuma hufikiwa na bamvua tu.

Kwa sababu hiyo mikoko hujipanga kwa mistari. Mbele, kwenye mawimbi, mara nyingi husimama mlilana. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha muia na mkandaa. Mchu ni mvumilivu mno: huonekana mbele karibu na bahari, na huonekana tena nyuma kabisa kwenye udongo uliojaa chumvi kavu. Mkomafi na msikundazi hupendelea sehemu ambazo mto huleta maji baridi. Tofauti ya kimo cha ardhi kutoka mstari mmoja hadi mwingine inaweza kuwa ndogo sana, lakini mti unaijua. Ushike mpangilio huu, maana tutauhitaji tukifika kwenye suala la kupanda.

4. Msitu unaolisha bahari

Jani la mkoko likianguka, kazi yake inaanza upya. Kaa hulivuta hadi shimoni mwake na kulila. Mabaki yake hushambuliwa na bakteria na kuvu, yakawa chembe laini zenye lishe. Chembe hizo huliwa na viumbe wadogo, ambao huliwa na samaki wachanga, ambao huliwa na samaki wakubwa, mpaka tunafika kwenye sahani ya mtu. Mashimo ya kaa nayo huingiza hewa topeni, kwa hiyo kaa anaulipa msitu kwa chakula alichopewa.

Chukua mfano wa kamba wa baharini. Kamba mkubwa hutaga mayai baharini. Vifaranga husukumwa na maji hadi kwenye vijito vya mikoko, ambako kuna chakula tele na mizizi iliyosongamana inayowazuia samaki wakubwa kuwafikia. Hukaa humo mpaka wakue, kisha hurudi baharini. Mvuvi anayewavua maili kadhaa kutoka pwani anaweza asiuone mkoko hata mmoja siku hiyo, lakini anachokivuna kililelewa na mikoko. Ukikata kitalu, hasara haionekani siku ile ile wala mahali pale pale. Huonekana baadaye, kwenye wavu wa mtu mwingine.

Mikoko ina majirani wawili, nyasi za baharini na miamba ya matumbawe. Mto huleta tope. Mizizi ya mikoko hulipunguza mwendo na kulishika. Maji yanayotoka nje ya msitu huwa masafi zaidi, na nyasi na matumbawe, vinavyohitaji mwanga wa jua, hupata nafuu. Matumbawe nayo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajaifikia mikoko. Hivyo kila mmoja humkinga mwenzake. Ukimwondoa mmoja, wawili waliobaki wanahangaika.

Kuna pia kaboni, ambayo inatajwa sana siku hizi. Katika misitu mingi ya nchi kavu, majani na matawi yaliyoanguka huoza upesi na kurudisha hewani hewa ya ukaa. Katika tope lisilo na oksijeni, huoza polepole mno, kwa hiyo kaboni huzikwa humo kwa karne nyingi. Hekta moja ya mikoko inaweza kuhifadhi kaboni mara kadhaa zaidi ya hekta ya msitu wa kawaida wa nchi za joto, na sehemu kubwa iko chini ya mizizi. Ukiufyeka msitu huo na kulichimba tope lake, unaitoa ile akiba ya zamani.

Na kwa wenzetu wa Tabora, mkoa wa asali, niongeze hili: maua ya mchu yana utamu ambao nyuki wanaupenda. Kuna vijiji vya pwani vinavyotundika mizinga ndani ya mikoko na kurina asali bila kukata mti.

5. Boriti na njia ya misafara

Tuseme sasa habari za babu zetu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Walirudi na nguo, shanga na waya. Njia hiyo hiyo waliifuata Wamisionari wa Afrika mwaka 1878, walipotoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea hadi kwenye maziwa makuu. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa huku hawakuwahi kuijua mikoko. Mpagazi aliyefika Bagamoyo aliiona kwenye mdomo wa Mto Ruvu, na aliiona tena akiinua macho ndani ya nyumba ya tajiri aliyempelekea mzigo: dari ilikuwa imebebwa na boriti.

Boriti ni nguzo ya mkoko. Ni nzito, ngumu, na mchwa hawaipendi. Nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zilijengwa kwa kupanga boriti kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ilibeba uzito vizuri kwa urefu huo. Wajenzi wa tembe za Unyanyembe nao walipimia paa lao kwa miti ya miombo waliyoipata. Huku na kule, msitu ndio uliompangia fundi ukubwa wa chumba.

Boriti zilivuka bahari pia. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi yakileta tende, mazulia na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti, maana kule miti ya kujengea ni adimu. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Ukitembelea nyumba ya kale huko Oman au Bahrain ukaona dari ya nguzo nyekundu zilizonyooka, huenda unatazama msitu wa Lamu au wa Rufiji.

6. Delta ya Rufiji

Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu huleta maji ya Mbeya na Iringa, Kilombero huleta ya Morogoro, na Luwegu huleta ya kusini. Maji hayo yote hubeba udongo, na mto ukikaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hupunguza mwendo na kuutua mzigo. Hivyo ndivyo delta inavyojengwa. Mto hugawanyika katika mikondo mingi, na kati ya mikondo hiyo ndipo mikoko inapoota.

Serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliitangaza mikoko hiyo kuwa msitu wa serikali mwaka 1898, ikitaka nguzo na magome. Mwaka 1914 manowari yao, Königsberg, ilijificha ndani ya mikondo hiyo, na Waingereza walihangaika kwa miezi mingi kabla ya kuiangamiza Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa. Mmoja ulisafirishwa kwa reli, ile ile inayopita Tabora, ukafungwa kwenye meli iliyokuwa Kigoma, ambayo leo tunaiita MV Liemba.

Tuache vita, tuseme juu ya wakazi. Watu wa delta huvua samaki, kamba na kaa, hukata nguzo, na hulima mpunga. Hapo kwenye mpunga ndipo penye mgogoro. Katika upande wa kaskazini wa delta, ambako mto huleta maji baridi mengi, mkulima anaweza kufyeka mikoko na kupata mavuno mazuri kwa misimu michache, maana tope lile lina rutuba. Baadaye magugu huzidi, kaa hukata miche, chumvi hupanda, mavuno hupungua. Mkulima husogea mbele na kufyeka sehemu nyingine.

Ni rahisi kwetu tulio mbali kumlaumu. Lakini tumtazame vizuri. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi kwa mujibu wa sheria, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Yeye ana watoto wa kulisha mwaka huu, na babu yake alilima hapo. Anayenufaika na kamba waliolelewa katika mikoko yake mara nyingi ni mwenye boti kubwa au mfanyabiashara wa mbali. Mpango wa kwanza wa kitaifa wa kusimamia mikoko, uliotolewa mwaka 1991 chini ya uongozi wa Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uligawa msitu katika kanda: pa kuhifadhiwa kabisa, pa kuvunwa kwa utaratibu, pa kurejeshwa, na pa maendeleo mengine. Wazo lake ni la busara hadi leo. Msitu ambao jirani yake hana haki yoyote ndani yake hauna mlinzi wa kweli, hata ukiwa na askari.

Mpunga sio tishio pekee. Katika sehemu nyingi za pwani mikoko imefyekwa ili kuchimba mashamba ya chumvi, imechomwa kuwa mkaa au kuni za tanuri za chokaa, na karibu na miji imefukiwa ili kupata viwanja. Tishio jingine hutoka juu ya mto. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993 ndani ya hifadhi ya taifa, kwa sababu ya matumizi ya maji huko Usangu. Na mwezi Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa katika mto wenyewe. Taifa linahitaji umeme, hata taa za bwenini kwetu zinauhitaji. Lakini bwawa lolote hushika udongo nyuma ya ukuta wake, na delta isiyopata udongo mpya huanza kuliwa na bahari. Namna maji yanavyoachiliwa huko juu ni jambo la uhai kwa msitu ulio chini.

7. Kupanda siyo kurejesha

Kila tarehe 26 Julai, siku ambayo UNESCO imeitenga kwa ajili ya mikoko tangu 2015, makundi ya watu huonekana kwenye picha wakichomeka miche topeni. Ni jambo jema. Lakini miche mingi inayopandwa hivyo duniani hufa, na sababu tumekwisha kuisoma katika sehemu ya tatu. Mche wa mkoko ni mrefu na rahisi kuchomeka, kwa hiyo watu huupanda popote palipo na tope tupu, hata pale ambapo maji hukaa muda mrefu mno, au ambapo palikuwa pa mlilana au pa mchu. Wakati mwingine hupandwa juu ya nyasi za baharini, na hapo uhai mmoja huharibiwa kwa nia ya kuleta mwingine.

Njia bora huanza kwa kuuliza: mikoko iliyokuwa hapa ilikufa kwa nini? Kama tuta la shamba la chumvi liliziba njia ya maji, fungua tuta. Kama watu wanakata kila mche unaofikia unene wa kidole, kubalianeni nao kwanza. Maji yakirudi kama zamani na miti mama ikiwa karibu, miche huja yenyewe ikielea, na kila aina hutafuta mstari wake. Kupanda kwa mkono huja mwisho, pale ambapo mbegu haziwezi kufika.

Huko Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hifadhi ya kaboni iliyomo. Fedha zinazopatikana zimeingia katika maji ya bomba na shule. Eneo ni dogo, lakini mlinzi wa msitu na mfaidika wa msitu wamekuwa mtu yule yule.

8. Jibu kwa kijana wa nyuma ya darasa

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli, mito yetu haifiki Bahari ya Hindi. Mto Manonga na vijito vya Igunga huelekea mbuga ya Wembere, kisha Ziwa Kitangiri, kisha kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, ambalo halina njia ya kutokea. Maji yetu nayo huishia kwenye chumvi, ila ni chumvi ya bara.

Lakini watu wetu na mifugo yetu hufika. Wafugaji kutoka Usukuma na Unyamwezi walihamia Usangu wakitafuta malisho. Serikali ilipowaondoa huko mwaka 2006 na 2007 ili kuokoa maji ya Ruaha, wengi walielekea Lindi, na wengine wakaishia bonde la Rufiji. Huenda wewe unayesoma hapa una baba mdogo huko. Basi usiseme mikoko haituhusu.

Tena, kazi ya mikoko tunaijua kwa jina jingine. Mvua za masika zikijaza Wembere, mbuga ile hupunguza mwendo wa maji, hushika udongo, huwapa ndege wa majini mahali pa kuzalia na samaki mahali pa kukulia. Miti ya kingo za mito ikichomwa mkaa, mchanga husogea na kufukia vijito, na anayepata hasara ni aliye chini, ambaye mkata mkaa hamjui. Ni sheria ile ile ya kitalu cha kamba.

Na kurejesha pia tunakujua. Wazee wetu walitenga ngitili, yaani sehemu ya malisho isiyoguswa mpaka kiangazi. Ilipokaribia kusahaulika, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, uliwasaidia wanavijiji wa mkoa jirani kuirudisha, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na nyasi na miti. Sehemu kubwa haikupandwa. Iliachwa ipumzike, na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ikachipua. Anayeielewa ngitili ameshaielewa namna sahihi ya kuirejesha mikoko: ondoa kinachozuia, wape wenyeji haki ya kulinda na kufaidi, kisha uwe na subira.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 39, aliitaja mikoko kwa jina alipoeleza wasiwasi juu ya kutoweka kwa mazingira ya pwani na ardhi oevu. Waraka ule haukuandikwa kwa watu wa pwani peke yao. Umesomwa hata katika parokia ambazo hazijawahi kuiona bahari, nami naona ni sawa.

Kwa hiyo mwanafunzi, safari nyingine ukiandika kwamba mkoko uliualika mua wake au maua yake, kumbuka ni mti halisi, wenye miguu topeni na kaa chini yake. Na mua, mtoto wangu, ni wa sukari, andika maua.

Maswali ya kujadili

1. Eleza njia mbili ambazo mikoko hutumia kukabiliana na chumvi, ukitoa mfano wa mti mmoja kwa kila njia.
2. Kwa nini mche wa mkoko uliopandwa nje ya mstari wake hufa, ingawa umepandwa kwenye tope la bahari?
3. Mkulima wa delta anafyeka hekta moja ya mikoko alime mpunga. Orodhesha wanaofaidika na wanaopata hasara, mwaka huu na baada ya miaka kumi. Je, wewe ungekuwa mwenyekiti wa kijiji chake, ungeamua nini?
4. Linganisha ngitili na urejeshaji wa mikoko. Taja mambo mawili yanayofanana na moja linalotofautiana.
5. Nenda kwenye kijito kilicho karibu na kwenu wakati wa likizo. Andika ni miti gani iliyobaki kingoni, nani anaitumia, na maji yake yanaelekea wapi. Lete majibu tukifungua shule.